Senti Yenye Tundu

Ndindi alikataa kutolewa damu. Mara ya kwanza alikataa akiwa amelala, uso ameugeuzia ukuta. Mara ya pili alikataa akiwa ameketi, blanketi mbili mabegani na meno yakigongana. Mara ya tatu aliificha tu mikono yake kwapani na kumtazama mumewe kwa macho mekundu ya homa.

"Nimesema hapana," alisema hatimaye, alipoona mume haondoki. "Utanidunga kidole, uende uchungulie kwa hiyo mashine yako, halafu uniambie nini? Utaniambia ni safi."

Neno hilo lilimpata Matheka palepale lilipokusudiwa. Alibaki amesimama kwenye mlango wa chumba, pamba mkono mmoja, sindano mkono wa pili, mtu mzima wa miaka arobaini na sita ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa amedunga vidole vya nusu ya Eastlands. Makondakta walimpa vidole vyao. Wanyanyua vyuma wa Kaloleni walimpa vyao huku wamefumba macho. Aliyemnyima alikuwa mke wake mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, Julai ya mwaka wa themanini na moja, na mtaa mzima wa Jericho, Nairobi, ulikuwa umejikunyata chini ya lile wingu la Julai lisilonyesha wala kuondoka. Homa ya Ndindi ilianza jana asubuhi. Matheka alidhani anaijua. Homa hiyo hukaa siku tatu, nne, kisha huondoka ghafla yenyewe, kama mgeni asiyeaga. Ikishaondoka, vidudu vyake hupotea damuni na hakuna hadubini itakayoviona mpaka irudi tena. Na wakati mwingine inapoondoka huondoka na mtu. Hilo alikuwa amelishuhudia katika chumba hikihiki.

Asubuhi hiyo alikuwa amekwenda kwa Daktari Wehliye, mkuu wa zahanati ndogo alikofanya kazi, karibu na Jogoo Road. Daktari alimsikiliza huku akifuta miwani.

"Matheka, umempa klorokwini ya malaria? Basi ngoja ifanye kazi. Mimi sitibu hofu. Ukiona kitu kwa damu yake, niite nione, nitampa dawa yake leo leo."

Kwa hiyo ilibidi kitu kionekane, na kionekane kabla homa haijashuka. Mashine ya kukionyesha Matheka alikuwa nayo. Ilikuwa sebuleni, chini ya kitambaa, na hapakuwa na nyingine kama hiyo kutoka Muthurwa mpaka Kayole. Kilichomkwamisha kilikuwa kitu kingine. Akimwonyesha Ndindi kilichokuwa kikimla, atakuwa amemwonyesha pia kilichomuua Nthambi. Asipomwonyesha, atamzika. Alikuwa akiyapima haya mawili tangu alfajiri, na ni aibu kusema, lakini aliyapima.

Ukweli kuhusu Matheka usemwe hapa, maana yeye mwenyewe hakuusema kwa muda mrefu.

Nthambi alikuwa mtoto wao wa pekee. Likizo ya Agosti mwaka wa sabini na sita, akiwa na miaka tisa, alipelekwa Mwingi kwa nyanya yake, mama yake Matheka, katika ile nyumba ya udongo ambamo Matheka mwenyewe alizaliwa. Mtoto alilala mkekani na nyanya yake kwenye sakafu ya vumbi, akasimuliwa hadithi zote zilizokuwapo, akarudi Nairobi mwembamba, mweusi tii na mwenye furaha. Alirudi pia na zawadi: uzi wa senti za zamani, zile za wakati wa mkoloni zenye tundu katikati, zilizotungwa kama shanga. Alizivaa shingoni kutwa. Moja aliipaka rangi nyekundu ya kucha aliyoiomba kwa Khavere, jirani wa mlango wa pili, akasema hiyo ndiyo mama yao, nyingine ni watoto. Akikimbia uani, mtaa mzima ulijua ni yeye kwa mlio ule.

Shule zilipofunguliwa, homa ikaja. Matheka alimpeleka mwenyewe zahanati, akamdunga kidole, akajaza kadi ya maabara kwa mwandiko wake mzuri. Jina. Umri. Mtaa. Homa ilianza lini. Je, mgonjwa amesafiri hivi karibuni? Hapo akaandika: Hapana.

Hakuwa akidanganya. Mwulize mtu yeyote wa Jericho anayerudi Januari na kuku wawili na gunia la pojo kama alikuwa safarini, atakushangaa. Atakuambia alikuwa nyumbani. Safari ni Mombasa. Safari ni Kampala. Nani husafiri kwenda kwa mama yake?

Akaipaka damu rangi, akaiangalia, akatafuta malaria kama alivyofunzwa. Hapakuwa na malaria. "Damu ni safi," alimwambia Ndindi. Baada ya siku tatu homa ikaondoka, wakashukuru. Wiki moja baadaye ikarudi. Akamdunga tena, akaangalia tena. "Safi."

"Sasa kama damu ni safi mtoto anaugua nini?" Ndindi aliuliza.

"Mafua tu. Baridi ya Nairobi."

Jumatatu asubuhi mtoto aliamka hana joto hata kidogo, jasho limemtoka mpaka godoro limelowa. Ndindi alimwogesha, akamvisha sare, akamwambia habari ya kuchelewa masomo kwa mafua imetosha. Saa nne mwalimu alimrudisha amembeba mgongoni. Alikufa kesho yake mchana, mwili wake baridi, midomo imepauka, zile senti bado shingoni.

Makaburini Ndindi alisema kitu kimoja tu: "Ulisema safi." Hakukirudia. Lakini tangu siku hiyo neno lile lilitoka kinywani mwake kabisa. Sahani hazikuwa safi tena, zilikuwa zimeoshwa. Vijana wa mtaani wakimsalimu, wakasema mambo safi, mama, alipita kimya. Na majirani, waliokuwa wakimwita Mama Nthambi, sasa hawakujua wamwite nani. Wakaanza kumwita mama tu. Matheka naye akarudi kumwita Ndindi, kama siku za uchumba, na yeye akamwita Matheka, na jina la mtoto likakosa mahali pa kukaa.

Jambo jingine lilibadilika ambalo Matheka aliliona asiliwazie. Maji baridi yaliondoka nyumbani mwao. Hata Februari, lami ikiyeyuka nje, alikuta karai lake la kuoga linafuka mvuke. Alidhani ni umri.

Mwezi wa pili baada ya mazishi, aliitoa slaidi ya mtoto, kile kioo chenye damu yake, kwenye sanduku la maabara. Hakujua anatafuta nini. Kwa siku tatu, wenzake wakienda kula, yeye alikaa akiipitia, inchi kwa inchi, na siku ya tatu akakiona: kiuzi kimoja, chembamba kuliko unywele, kimejisokota, rangi ya zambarau iliyofifia. Alikuwa amekiona mara ya kwanza pia. Sasa alikumbuka. Mara ya kwanza alidhani ni taka ya rangi.

Na hapo ndipo kumbukumbu nyingine zikamjia kwa pamoja. Mwalimu mgeni aliyehamishiwa Mwingi akalala kwao wiki moja, akaugua karibu afe. Bibi arusi aliyetoka mbali. Mtu wa chanjo. Wenyeji waliiita homa ya wageni, na walijua inaletwa na papasi, wale kupe wa nyufani wanaotoka sakafuni watu wakilala, wakanyonya, wakarudi. Watu wa nyumba ile waliumwa tangu uchanga, damu zao zikazoea. Wazee walisema kwa mzaha kwamba papasi anamjua mwenye nyumba. Matheka alikuwa mwenye nyumba. Kamwe haikumpitia akilini kwamba mtoto wake, aliyezaliwa Pumwani na kulelewa juu ya saruji, alikuwa mgeni kwa nyanya yake.

Hilo lilimvunja. Aliificha ile slaidi kwenye kopo la kakao, akaapa kwamba atamwambia Ndindi machungu yakipoa. Kisha akasema atamwambia Krismasi. Krismasi ikapita, Pasaka ikapita, na kila mwezi uliopita uliongeza swali jipya juu ya yale ya zamani: mbona hukuniambia mwezi uliopita? Mwisho woga ukawa mkubwa kuliko kosa lenyewe.

Badala ya kusema, akatengeneza.

Alikuwa na rafiki aliyeitwa Simiyu, fundi wa reli aliyekaa Muthurwa, mkusanyaji wa kila kitu cha shaba kilichotupwa. Kwake alikuta hadubini mbili za kale zilizonunuliwa mnadani pamoja na vyuma chakavu. Alichotaka kilikuwa chini ya mojawapo: kondensa, kile kikombe cha lenzi kinachokaa chini ya meza ya hadubini na kukusanya mwanga kabla haujafika kwenye damu.

"Wewe Matheka, hii kitu ni ya Waingereza wa zamani," Simiyu alimwambia. "Hata skrubu zake haziingiani na za siku hizi. Unataka ya nini?"

"Nataka kuizima taa katikati."

"Sasa taa ukiizima utaona nini?"

"Ndiyo nitaona."

Simiyu alicheka mpaka akakohoa, lakini akampa, na Matheka hakuwa amesema upuuzi. Mwanga wa kawaida huja moja kwa moja kutoka chini na kuvimeza vitu vyembamba. Ukiuziba wa katikati, ukauacha ule wa pembeni tu upite ukiwa umelala, hauingii jichoni. Unachokiona ni giza tupu. Kisha chochote kilicho ndani ya damu, kikiguswa na ule mwanga wa ubavuni, kinang'aa chenyewe, kama vumbi linavyoonekana kwenye mwale wa jua unaopenya tundu la bati. Hakitaki rangi. Kinaonekana kikiwa hai, kinacheza. Hata asiyesoma anakiona.

Kondensa ile kuukuu ilikuwa nyembamba kwa pete ya hadubini aliyokuwa nayo nyumbani, ikalegea na kuinama. Matheka alikuwa mtoto wa mchonga vinyago. Baba yake alichonga twiga maisha yake yote bila kumkaribia twiga hata mmoja. Alichukua kisu cha baba yake na kipande cha mpingo kutoka kwa wachongaji wa Gikomba, akachonga pete ya kuijaza ile nafasi, akaisugua kwa msasa mpaka kondensa ikaingia na kusimama wima. Uzuri wa mpingo ni kwamba ni mweusi wenyewe, haurudishi mwanga.

Kilichomtesa ni kizibo. Kifungo cha shati kilikuwa kidogo. Mwanga ulivuja, na badala ya giza akapata rangi ya chai ya maziwa machache. Kizibo cha soda kilikuwa kikubwa, hakikupitisha kitu. Alijaribu kukisogeza kile kidogo upande mmoja, mwanga ukaja ubavu mmoja tu, na chembe za damu zikapata vivuli kama vilima vya Machakos jua likichomoza. Ilipendeza sana na haikumsaidia. Alikata duara za bati, za ngozi, za filamu ya eksirei. Mwaka ukaisha, wa pili ukaanza.

Siku moja Ndindi akiwa sokoni, alifungua kabati, akautoa uzi wa senti za Nthambi, akaipima moja dhidi ya lenzi. Ilikaa kana kwamba iliagizwa. Alichukua ile nyekundu. Hata leo hajui kwa nini hiyo, ila ndiyo mkono wake ulioiendea. Akaibandika katikati ya kioo cha saa ya mkononi, akaiweka chini ya kondensa, akachungulia. Katikati ya giza kulikuwa na mwanga mkali uliomchoma jicho. Kwa wiki mbili alizilaumu lenzi, akazilaumu taa, akamlaumu Simiyu, kabla hajakumbuka kwamba senti ile ina tundu. Akachonga kijiti cha mpingo, akalizibia.

Akakwangua ukoga wa meno yake mwenyewe, maana midomoni mwa kila mtu mna vidudu vya ukoo ule visivyo na madhara, akauweka chini ya lenzi. Vilikuwapo, vyeupe juu ya weusi, vinajinyonga na kuserereka. Matheka aliangua kilio peke yake sebuleni. Kilichohitajika kumwokoa mtoto wake kilikuwa kimevaliwa shingoni na mtoto mwenyewe.

Ndindi aliigundua senti iliyopotea baada ya siku nne. Alitafuta chini ya vitanda. Alisogeza kabati. Alikwenda kumwuliza Khavere kama watoto wake waliwahi kuingia, wakakaribia kugombana. Na Matheka, Mungu amsamehe, alipiga magoti na tochi akamsaidia kutafuta.

Mwezi uliopita ndipo mama yake Matheka alipofariki. Walikwenda Mwingi wote wawili. Wanaume walilala nje, kando ya moto. Wanawake walilala ndani, sakafuni. Matheka alimvuta mkewe kando, akamwambia akalale kwa jirani mwenye nyumba ya saruji.

"Kwa nini? Mimi ndiye mke wa boma hili. Watu watasemaje?"

Kulikuwa na jibu la maneno mawili, na wakati wa kulisema ulikuwa huo. "Kuna baridi," alisema Matheka. Ndindi akamtazama kwa mshangao, akaingia ndani, akalala palepale alipolala Nthambi.

Na sasa alikuwa hapa, mikono kwapani.

Matheka aliiweka sindano juu ya stuli. "Sikuambii kitu," alisema. "Sitasema ni safi, sitasema si safi. Utaangalia wewe mwenyewe."

"Mimi?"

"Wewe. Ukiona hamna kitu, sitakugusa tena."

Kwa miaka yote kumi na tisa ya kazi ya Matheka, Ndindi hakuwahi kuchungulia kwenye hadubini, na mumewe hakuwahi kumkaribisha. Alifikiri kidogo. Kisha akatoa mkono wa kushoto, kidole cha pete, na hakukunja uso sindano ilipoingia.

Alimsaidia kufika sebuleni, akamketisha mezani, blanketi zote mbili juu yake. Akawasha taa ya meza, akafunga pazia. Tone la damu, kioo chembamba juu yake, mafuta kidogo kati ya kondensa na slaidi. Mikono yake sasa ilikuwa kazini. Alichungulia ili kulenga, akapandisha kondensa polepole, giza likaingia, na ndani ya giza likatokea lile alilokuwa akiomba lisiwepo na akiomba liwepo. Alisogea akampisha.

Ndindi alihangaika kwanza, akaona kope zake mwenyewe. Kisha akatulia.

"Ni giza," alisema. Baada ya kitambo akasema, "Kuna pete. Pete nyingi zinang'aa."

"Hiyo ndiyo damu yako."

"Na hizi nyuzi?" Alishika ukingo wa meza. "Zinaenda. Ona hii, inasukuma pete za watu. Matheka, hizi ni nini?"

"Ndiyo homa yako. Imetoka Mwingi, kwa sakafu ya mama. Inaletwa na papasi. Dawa iko, ni vidonge tu, siku chache unapona."

"Zinaonekana hivi wazi?"

"Ukiweka giza, ndiyo."

Ndindi aliendelea kutazama kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji. Homa ilikuwa imempandisha rangi mashavuni. Alipoinua kichwa hakumtazama mumewe. Aliinama akachungulia chini ya meza ya hadubini, huko mwanga unakotoka, kama mtu anayetaka kujua ujanja uko wapi. Akaingiza kidole. Akagusa ukingo wa kioo cha saa, na juu yake, kati ya mpingo na shaba, akaona wekundu.

Hakuuliza ni nini. Nani angeijua kuliko yeye?

"Nilimfokea Khavere," alisema polepole. "Nilisema watoto wake ni wezi."

Alikitoa kidole, akakielekeza kwenye slaidi ya damu yake.

"Nthambi alikuwa nazo hizi."

Hapa angeweza kudanganya. Angesema hajui, angesema damu ya mtoto ilikuwa ya rangi, si ya giza, na hakuna mtu wa kumpinga katika Jericho nzima. Ndindi angekunywa vidonge vyake, angepona, na maisha yangeendelea kama yalivyokuwa. Alifungua mdomo akiwa hajui bado litakalotoka.

"Ndiyo," alisema. "Alikuwa nazo. Sikuandika kwamba alisafiri. Niliandika hapana, kwa sababu alikwenda nyumbani."

"Umejuaje?"

Alikwenda kwenye kabati la vyombo, akatoa kopo la kakao nyuma ya unga, akarudi na slaidi iliyofungwa kwa karatasi. Juu yake palikuwa na kibandiko kilichogeuka njano, namba ya mgonjwa na neno moja kwa mwandiko wake mzuri. Ndindi alilisoma lile neno. Midomo yake ililitamka bila sauti, kwa mara ya kwanza tangu makaburini.

"Kimo kimoja tu humu," Matheka alisema. "Kimoja. Nilikiona nikadhani ni taka."

"Ukajua si taka lini?"

"Ndindi."

"Nimekuuliza lini."

"Novemba."

"Novemba gani?"

"Ileile. Ya sabini na sita."

Alitegemea apigwe. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa vilio, kwa sanduku kufungashwa. Miaka yote mitano alikuwa akiifanyia mazoezi hukumu hiyo, na ndani yake siku zote mshtakiwa alikuwa mmoja. Ndindi aliiweka slaidi mezani taratibu, mbali na ukingo, isije ikaanguka.

"Baba Nthambi," alisema.

Hakuwa amemwita hivyo tangu mtoto azikwe.

"Ile Jumatatu nilimwogesha maji ya bomba. Alikuwa anaoga kwa karai huku anatetemeka, ananiambia, mama, nasikia baridi, na mimi nikamwambia aache uvivu. Nikammwagia kichwani. Nikamsukuma shuleni." Aliivuta blanketi. "Miaka mitano, Baba Nthambi, nimekuwa nikijua ni mimi niliyemuua kwa maji baridi. Kila siku nikichemsha maji nilijua. Na wewe ulikuwa unajua si mimi."

Matheka alisikia maneno yale yakiingia moja baada ya jingine. Aliona makarai yote ya maji ya moto, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, mvuke unapanda, na yeye anaoga humo anapiga mluzi.

"Sikujua kwamba wewe..." alianza.

"Hukuuliza."

Nje, Khavere alikuwa akiwaita wanawe waingize nguo. Ndindi aliisikiliza sauti ile mpaka ikaisha, kisha akainama tena kwenye hadubini, akaweka jicho mahali pake, peke yake, bila kuonyeshwa.

"Nenda ukamwite huyo daktari wako," alisema bila kuinua kichwa. "Aje azione zikiwa hai. Na akikuuliza, mwambie nilisafiri."

Matheka alichukua koti lake msumarini na kutoka.